Wakfu wa Vitabu

Neno "maktaba" tumelipokea kutoka Kiarabu, lakini kitu chenyewe, yaani mahali ambapo vitabu vya mtu mmoja husomwa na watu wengi, hatukungoja Mzungu aje kutuletea. Katika nyumba za zamani za mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa na hapa Unguja, kuta zilijengwa pamoja na zidaka. Ndani ya zidaka vilipangwa vyombo vya kauri vya kupendezesha macho, na humo humo mwenye elimu aliweka msahafu wake na vitabu vyake vya fiqhi, vya nahau na vya mashairi. Vitabu hivyo vilikuwa vichache, na aghalabu vimenakiliwa kwa mkono. Aliyetaka kusoma alikwenda kwa mwenyewe, akakaa mkekani, akasoma.

Mwenye kitabu alikuwa na hofu moja. Akifa, warithi watakigawana kama wanavyogawana minazi, au watakiuza kwa asiyejua thamani yake. Kwa hivyo wako waliochukua kalamu na kuandika katika ukurasa wa mwanzo kwamba kitabu hiki ni wakfu: hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Tangu siku hiyo kitabu kilitoka katika mali yake. Yeye mwenyewe akikifungua alikuwa msomaji kama wasomaji wengine.

Nimelizingatia sana jambo hili katika umri wangu wa ustaafu, kwa sababu kila ninaposikia kwamba maktaba fulani ya zamani inafanyiwa matengenezo ili iwe kituo cha jamii, watu huzungumzia rangi, viti na kompyuta. Mimi hujiuliza maswali ya wakfu. Wakfu wowote, uwe wa shamba, wa nyumba au wa kitabu, una mambo matatu: kuna kitu kilichotolewa, kuna watu waliotolewa kwa ajili yao, na kuna msimamizi. Kimoja kikiharibika, wakfu unakufa hata kama viwili vilivyobaki ni vizima. Nadhani maktaba za umma za Afrika Mashariki zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa kwa jicho hili kuliko zikitazamwa kwa jicho la fundi peke yake.

Hapa kwetu maandishi yalipata nguvu mpya pale Seyyid Barghash alipoleta mtambo wa kuchapia vitabu wakati wa utawala wake, takriban 1880. Wamisionari wa Mkunazini na Kiungani nao walikuwa wakichapa Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Hata hivyo, wingi wa vitabu si sawa na wingi wa wasomaji. Ulipoingia utawala wa Waingereza ilikuja aina nyengine ya maktaba, ile yenye rafu, kadi, kaunta na karani, na pamoja nayo likaja swali ambalo mwenye kidaka hakuwa akiliuliza: wewe ni nani hata uingie humu?

Mfano ulio wazi kuliko yote hauko Unguja, uko Nairobi. Nitaueleza kwa kirefu kwa sababu ndani yake yamo mambo yote matatu niliyoyataja, na kwa sababu kilichofanyika huko katika miaka ya karibuni kinatuhusu.

Katika barabara ya Banda, karibu kabisa na Msikiti wa Jamia, liko jengo lenye ngazi za mawe, nguzo kubwa mbele yake, na simba wawili wa mawe wanaolinda mlango. Hiyo ndiyo Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. William Northrup McMillan alikuwa Mmarekani tajiri, mzaliwa wa mji wa St. Louis mwaka 1872, mtu wa mwili mkubwa ajabu, aliyekuja Afrika Mashariki kuwinda na kumiliki mashamba. Mwaka 1909 alimpokea nyumbani kwake Juja aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt. Alifariki mwaka 1925, na kaburi lake liko katika mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mjane wake, Lucie, alitaka jina la mumewe lisipotee, akajenga maktaba kwa fedha zake na kwa msaada wa shirika la Carnegie la New York. Mwaka 1938 maktaba hiyo ikatungiwa sheria yake yenyewe.

Hapo pana jambo la kustaajabisha. Andrew Carnegie, ambaye fedha zake ndizo zilizoanzisha shirika hilo, alikuwa mtoto wa mfuma nguo wa Dunfermline, Uskochi, aliyehamia Marekani na wazazi wake katika umasikini. Alipokuwa kijana mfanyakazi aliazima vitabu katika maktaba ya bwana mmoja aliyewafungulia vijana wa kazi mlango wake, na hakuusahau wema huo. Alipotajirika alijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani. Aliyekuwa kibarua akajenga ili vibarua wasome. Lakini fedha za mfuko wake zilipofika Nairobi zilisaidia kujenga nyumba ambayo kibarua Mwafrika, na hata mfanyabiashara Mhindi, hakuruhusiwa kuingia kusoma. Maktaba ya McMillan ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwafrika aliyepanda ngazi zile alipanda akiwa na ufagio.

Kwa hivyo kitu kilichotolewa kilikuwa kizuri, na msimamizi alikuwepo, tena mwenye sheria. Kilichoharibika ni lile la katikati, watu. Wakfu ulitolewa kwa wachache katika nchi ya wengi. Naona ni vyema tulikumbuke hilo kila tunapoliona jengo la kikoloni limesimama imara huku tukisikitika kwamba ya kwetu yanaporomoka. Kuna majengo yaliyodumu kwa sababu yalikuwa yakitumiwa na watu kidogo sana.

Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kenya, maktaba ile iliingia mikononi mwa Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Baadaye ikawa na matawi mawili katika mitaa ya wafanyakazi, Kaloleni na Makadara. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini, na ukumbi wake wa jamii ulikuwa mahali pa mikutano na mijadala ya siasa katika miaka ya kupigania uhuru. Kwa kuweka maktaba mahali kama pale, wale waliokuwa wamekosekana katika wakfu waliingizwa.

Tanganyika nayo ilikuwa katika mbio hizo hizo. Sheria ya kuunda huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Disemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Zilipokuja kampeni za kufuta ujinga katika miaka ya 1970, vijiji vya bara vilianza kupata maktaba zao ndogo ili aliyejifunza kusoma asirudi kuwa asiyejua. Mambo ya maktaba si ya Muungano, na sisi Zanzibar tuna huduma yetu wenyewe, ambayo makao yake yako Maisara. Wakati ule, popote ulipokwenda katika Afrika Mashariki, kufungua maktaba lilikuwa tendo la kisiasa kwa maana nzuri ya neno hilo. Lilikuwa linamwambia mtu: na wewe umo.

Kisha ikaja miaka migumu. Sitaki kumlaumu mtu, kwa sababu sababu zake zinajulikana na zinafanana kila mahali. Bei za mazao zilianguka, bei ya mafuta ikapanda, serikali zikabana matumizi, na penye kubana matumizi kitabu hakina mtetezi. Mgonjwa akikosa dawa atapiga kelele, na mwanafunzi akikosa dawati mzazi wake atakuja juu, lakini rafu ikikosa vitabu vipya kwa miaka ishirini hakuna anayelia. Msomaji huja mara moja, haoni anachokitaka, na harudi tena. Maktaba nyingi zikawa vyumba vya kujisomea tu. Kijana anakuja na daftari lake na kitabu chake, anatumia meza na taa, anaondoka bila ya kugusa rafu. Vitabu vilivyobaki vilikuwa vya zamani, vya nchi nyengine na vya watu wengine. Katika Maktaba ya McMillan hali ilikuwa hiyo hiyo, ingawa humo mlikuwa na hazina isiyopatikana kwengine, magazeti ya zamani ya Afrika Mashariki na kumbukumbu za serikali.

Mwaka 2017 wanawake wawili wa Nairobi, Wanjiru Koinange, ambaye ni mwandishi wa riwaya, na Angela Wachuka, aliyekuwa katika kazi ya uchapishaji, walianzisha taasisi waliyoiita Book Bunk. Mwaka uliofuata walifanya makubaliano na Serikali ya Kaunti ya Nairobi ya kuitengeneza Maktaba ya McMillan na matawi yake mawili. Jambo lililonivutia ni mpangilio wa kazi yao. Mtu mwengine angelianza na jengo lenye simba, kwa sababu ndilo linalopigwa picha, na ndilo ambalo wafadhili wangelipenda kuona majina yao yakiandikwa ukutani mwake. Wao waliyatengeneza kwanza matawi, Kaloleni na Makadara, walikokuwa wasomaji wenyewe, watoto na vijana wa mitaa ya Eastlands. Waliwauliza wakaazi wanataka nini. Waliorodhesha vitabu, wakatenganisha vinavyofaa na visivyofaa, wakaongeza vya waandishi wa Kiafrika. Wakaweka sehemu ya watoto, mahali pa kufanyia mafunzo, mikutano na sanaa, wakaziingiza picha na nyaraka za zamani katika kompyuta.

Kazi yenyewe haikuwa tamu kila siku. Filamu ya hali halisi kuhusu safari yao, *How to Build a Library*, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2025 katika tamasha la Sundance kule Marekani, inaonyesha mivutano na maofisa, shida ya fedha, na uzito wa kukirithi kitu kilichojengwa na wakoloni. Anayedhani kwamba kufufua maktaba ni suala la kupata mfadhili na fundi, na aitazame.

Wako watu wanaouliza, tena kwa haki, kwa nini kuhangaika na nyumba iliyojengwa ili sisi tusiingie? Si bora ivunjwe, pajengwe mpya yenye jina letu? Swali hili sisi wa Unguja tunalijua vizuri, maana Mji Mkongwe wote umejaa nyumba zilizojengwa na watu ambao baba zetu walikuwa wakiwainamia. Jawabu yangu ni kwamba mawe hayana dhambi, ila yana kumbukumbu. Ukilivunja jengo huivunji dhuluma iliyofanyika ndani yake, unavunja ushahidi. Mtoto wa Kaloleni anayeingia leo Maktaba ya McMillan na kuambiwa kwamba babu yake asingeliweza kuvuka kizingiti hiki, amepata somo la historia ambalo hakuna kitabu kimoja kinachoweza kumpa. Lakini jawabu hiyo inasimama kwa sharti moja tu, kwamba mtoto huyo anaingia kweli. Jengo likitengenezwa likapendeza, kisha likawa la wageni wanaolipa kiingilio, basi tumerejea 1931.

Na kuacha tu, bila ya kuvunja wala kutengeneza, nako kuna gharama yake. Beit el-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ilipita katika mikono ya masultani, Waingereza na serikali ya Mapinduzi, ikaja kuwa makumbusho. Nyufa zake zilijulikana kwa miaka mingi. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi ya matengenezo ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Wengi wetu tulilia siku ile, hata ambao hatukuwa tumeingia mle ndani kwa miaka.

Mafundi wa Mji Mkongwe wana elimu moja ambayo naipenda. Ukuta wetu wa zamani ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hupumua. Unyevu huingia na hutoka. Akija mtu mwenye haraka akaupiga plasta ya saruji, ukuta huonekana mpya kwa muda. Ndani yake unyevu umefungwa, chumvi inautafuna, na boriti zinaoza kwenye ncha zake. Kisha plasta huanguka vipande vipande pamoja na jiwe. Dawa yake ni chokaa, kama ilivyokuwa mwanzo, na subira. Jumba la zahanati ya zamani pale Malindi, ambalo Tharia Topan aliwekewa jiwe lake la msingi mwaka 1887, lilitengenezwa katika miaka ya 1990 kwa kufuata ujuzi wa namna hii, na likageuzwa kuwa kituo cha utamaduni. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana hapa hapa, na mikono ya kuifanya tunayo.

Maktaba nayo ina saruji yake. Ni kompyuta zinazoletwa kwa sherehe bila ya fundi wa kuzitazama, ni vitabu vya msaada vilivyotolewa nje kwa sababu huko havisomwi tena, ni ubao wenye majina ya waheshimiwa waliofungua. Juu panang'aa, ndani panaoza.

Sehemu nyengine za dunia zimepita njia hii, na haidhuru kujifunza kwao. Katika mashariki ya jiji la London iko wilaya ya Tower Hamlets, yenye wahamiaji wengi, hasa wa asili ya Bangladesh. Wakaazi wake walikuwa hawaendi maktaba. Halmashauri yao iliwauliza sababu, kisha ikaunganisha maktaba na elimu ya watu wazima, ikaziweka karibu na masoko ambako watu hupita kila siku, na zikawa zinafunguliwa hata Jumapili. Hazikuitwa maktaba tena. Ziliitwa Idea Store. Ya kwanza ilifunguliwa Bow mwaka 2002, na ile ya Whitechapel mwaka 2005, iliyochorwa na David Adjaye, mtoto wa wazazi wa Ghana ambaye alizaliwa Dar es Salaam. Naambiwa wapo waliochukia jina lile na kelele za ndani yake. Walisema maktaba lazima iwe kimya.

Hoja ya ukimya si ya kupuuzwa, kwa sababu kusoma kunataka utulivu. Lakini sisi watu wa baraza tunajua kwamba kuna kusoma kwa namna nyengine pia. Katika miaka ya 1950 gazeti moja, liwe *Mwongozi* au *Afrika Kwetu*, lilifika kijijini likasomwa kwa sauti na mmoja, likasikilizwa na watu kumi, likabishaniwa mpaka kahawa ikaisha. Katika hao kumi pengine waliojua kusoma hawakuzidi wawili. Hicho nacho kilikuwa kituo cha jamii, na hakikuwa na jengo. Maktaba iliyo nzima inahitaji chumba cha kimya na kibaraza cha maneno. Anayesoma akitoka awe na wa kumweleza.

Sasa nije kwenye msimamizi, kwa sababu hapa ndipo wakfu mwingi hufia. Carnegie, pamoja na utajiri wake, hakuwa akijenga na kuondoka hivi hivi. Mji uliotaka maktaba yake ulitakiwa utoe kiwanja, na uahidi kutenga fedha kila mwaka za kuitunza. Alijua kwamba siku ya kufungua ni siku moja, na mwaka una siku nyingi. Katika nchi zetu tunapenda siku ya kufungua. Mshahara wa mkutubi, sabuni ya kusafishia, bati moja la kuziba pavujapo, hayo hayana sherehe.

Nilipokuwa mwalimu kijana, mara baada ya kutoka chuo cha ualimu, nilipelekwa katika skuli moja ya shamba ambayo ilikuwa na kabati zuri la vitabu, la mbao, lenye milango ya vioo. Lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa ofisini, na sababu tuliyopewa ni kwamba vitabu ni mali ya serikali na wanafunzi watavipoteza. Watoto walikuwa wakisimama mbele ya kioo wakisoma majina ya vitabu migongoni, mpaka wengine wakayahifadhi. Kabati lilipokuja kufunguliwa kwa ajili ya mgeni kutoka wizarani, mchwa walikuwa wameingia kwa nyuma, na vitabu vilivyokuwa vimesimama wima vilishikwa vikawa unga. Hakuna mwanafunzi aliyepoteza hata kimoja. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu mkuu kwengine, vitabu vyetu vilikaa wazi na msimamizi wao alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba mwenye daftari. Vilipotea baadhi. Vilivyopotea vilikuwa vichache kuliko vile vilivyoliwa na mchwa, na naamini vingine bado vinasomwa.

Nimekwisha kuyasema hayo, naitazama Bwejuu yangu. Kwa muda mrefu tulikuwa kijiji cha wavuvi, wakulima wa minazi na wasuka kamba. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 kilimo cha mwani kilienea katika pwani hii ya mashariki, na wanawake wakashika fedha mikononi mwao. Kisha zikaja hoteli. Wageni huacha vitabu wanapoondoka, vya Kitaliani, vya Kijerumani, vya Kiingereza, navyo hubaki juu ya rafu za hoteli vikiliwa na jua. Watoto wetu wanasoma simu. Siwalaumu, simu ndiyo iliyowafikia.

Tukitaka kuwa na chumba cha vitabu hapa, au kukifufua kilichochakaa popote pale katika vijiji vya Kusini, nafikiri tusianze na ramani ya fundi. Tuanze na bahari. Mama mwenye shamba la mwani hufuata maji. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, yuko pwani tangu yanapotoka mpaka yanaporudi. Wakati wa maji mafu yuko nyumbani. Mtoto asubuhi yuko skuli, alasiri yuko chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Kijana wa hoteli anatoka kazini usiku. Maktaba itakayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu, kwa saa za maofisi, itakuwa wazi kila siku na isimpokee mtu. Watu wa Tower Hamlets waliulizwa, wakajibu Jumapili. Sisi tukiulizwa, huenda tukajibu: baada ya Magharibi, na mchana wakati wa maji mafu.

Na vitabu gani? Nitaanza na vya nyumbani. Muhammed Said Abdulla, baba wa hadithi za upelelezi katika Kiswahili, alizaliwa Makunduchi, hapa hapa jirani, na *Mzimu wa Watu wa Kale* yake ilitoka mwaka 1960. Said Ahmed Mohamed na Shafi Adam Shafi ni watu wa visiwa hivi. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake ilitoka kwa Kiswahili ikiitwa *Peponi*, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Dunia nzima imemsoma Gurnah. Kijana wa Bwejuu anayetaka kumsoma kwa lugha ya mama yake aende wapi? Swali hilo lingelitosha kuwa sababu ya kujenga.

Kompyuta nazo zije, na intaneti, kwa sababu fomu za kazi na za vyuo siku hizi zinajazwa humo, na asiye nayo anaachwa nyuma. Mama apate pahala pa kujifunza hesabu za mauzo ya mwani wake, na wazee wapate pa kusomewa gazeti. Maktaba kuwa kituo cha jamii si kuidhalilisha. Kidaka cha zamani nacho kilikuwa ndani ya nyumba ya kuishi, palipopikwa, palipozaliwa watoto na palipofanywa maulidi.

Lakini kabla ya yote hayo nimewaambia vijana wa kijiji walionijia mwaka huu kuniomba ushauri kwamba wafanye mambo matatu, tena kwa mpangilio. Wapite nyumba kwa nyumba waulize watu wana nafasi saa ngapi na wanataka kusoma nini, na waandike majibu hata yasiyowafurahisha. Wapande juu ya paa la kile chumba wakati wa masika, si wakati wa kiangazi, waone panapovuja. Na wamtafute msimamizi, wakubaliane atalipwa nini na nani, mwaka wa kwanza na mwaka wa tano. Rangi waiache mwisho. Walikuja juzi kuniambia kwamba la kwanza wamelimaliza, na kwamba nyumba nyingi zimejibu usiku.